Windows 11 kwenye steshenari yangu Tabora: mashine niliyoipandisha na mbili nilizoziacha

Kati ya kompyuta tatu za dukani kwangu, moja nimeipandisha kwenda Windows 11, na naisifu. Ya pili nimeiacha na Windows 10 yake, kwa muda. Ya tatu haina Windows tena. Nayasema haya mapema kwa sababu wenzangu wenye maduka ya fotokopi, na walimu wanaopita hapa, wananiuliza swali lilelile: nipige Windows 11 au nibaki nilipo? Nami kabla sijajibu huwa nauliza: hiyo kompyuta inapitisha vitu vya nani?

Duka langu ni dogo, lipo Tabora mjini, upande wa Kanyenye. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunaskani, tunabana vitabu kwa spairo, tunapiga picha za paspoti saizi. Msimu ukifika tunawajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), ya vyuo na ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali. Wanafunzi wa Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wenyeji wengi bado tunakiita Uhazili, wanaleta ripoti za fildi. Wafugaji nyuki wanataka lebo za chupa za asali. Makatibu wa AMCOS za tumbaku, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wanakuja na mihutasari ya vikao iliyoandikwa kwa mkono na wanaitaka kabla gari la kijijini halijaondoka. Kwa hiyo hapa mezani zinapita namba za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, majibu ya hospitali, mikataba ya viwanja, na maneno ya siri ambayo kijana anakutajia kwa sauti mbele ya foleni kwa sababu anakuamini.

Hapo ndipo suala la Windows linapoanzia kwangu, na sura yake au rangi za madirisha yake ni mambo ya baadaye.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuitolea viraka vya usalama vya kawaida. Watu wanachanganyikiwa hapa kwa sababu siku ya pili yake kompyuta iliwaka vilevile. Word ikafunguka, printa ikatoa karatasi, basi wakaona ni maneno ya wauza kompyuta. Lakini kilichokoma ni kitu kisichoonekana. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa marekebisho ya matundu yaliyogunduliwa kwenye Windows. Windows 10 na 11 zimejengwa juu ya msingi unaofanana, hivyo matundu mengi ni ya zote mbili. Kiraka kikitoka kwa ajili ya 11, mhalifu anakichunguza, anajua tundu lilikuwa wapi, kisha anakwenda kulitafuta kwenye 10 ambazo hazikuzibwa. Ilishawahi kutokea. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi ya mwaka huohuo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka.

Wengine huniambia, "Lakini Defender yangu bado inajisasisha." Ni kweli. Microsoft wamesema wataendelea kuipa Defender ya Windows 10, ile kinga ya virusi inayokuja na Windows yenyewe, taarifa za virusi vipya hadi 2028. Ila Defender inatambua kirusi kinachojulikana. Haizibi tundu lililoko ndani ya Windows yenyewe. Hizo ni kazi mbili.

Sasa niiseme mashine niliyoipandisha. Ni Lenovo ThinkPad T480, laptopu iliyotumika, RAM GB 8, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) GB 256. Ndiyo inayofanya kazi zote za mtandaoni: maombi, malipo, barua pepe za wateja. Kabla ya yote nilisoma namba ya prosesa, na nakuomba nawe uisome ya kwako kabla hujampa fundi hela. Bofya kitufe cha kulia kwenye This PC, chagua Properties. Yangu imeandikwa i5-8350U. Kwa namba kama hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hii ni ya 8. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za kwanza. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, ukiondoa chache sana. Kwa AMD, kwa jumla, ni Ryzen kuanzia za 2000. Ukikuta i5-6300U, hiyo ni ya kizazi cha 6, hata kama laptopu inang'aa na muuzaji anaapa kwamba ni mpya.

Sharti lingine ni TPM 2.0. Hiki ni kijichip, au sehemu ndani ya prosesa, kinachotunza funguo za usimbaji ili mtu akiiba diski asiweze kuisoma. Kompyuta nyingi za kuanzia 2018 zinacho, ila kwenye baadhi kimezimwa. Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia. Kikiwepo na kimewashwa utaona toleo lake. Yangu ilisema hakipo. Niliizima mashine, nikaiwasha huku nabonyeza F1, nikaingia kwenye menyu ya Security, nikakiwasha kwenye sehemu ya Security Chip. Basi. Kuna watu wanaambiwa wanunue laptopu nyingine wakati kilichotakiwa ni kitu hicho tu.

Kushusha Windows yenyewe ni zaidi ya GB 5, na hapa ndipo nawahurumia wanaotegemea bando la simu. Ushauri wangu ni kutumia programu ya Microsoft inayoitwa Media Creation Tool, uitengeneze kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, halafu flashi hiyohiyo itumike kwa kompyuta nyingine, za kwako na za jirani. Ukiiacha kila kompyuta ishushe ya kwake, utalipia kitu kilekile mara nyingi. Na kwenye kompyuta unayoiunganisha na simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uweke muunganisho huo kuwa metered connection. Windows itapunguza kujishushia mambo makubwa bila kukuuliza.

Nilianza kazi jioni baada ya kufunga duka, betri ikiwa imejaa, na mafaili yote nikiwa nimeshayakopi kwenye diski ya nje. Kwa desktopu isiyo na UPS (betri ya akiba) nisingethubutu kufanya hivyo wakati wa masika, Tabora inapopiga radi na umeme kukatika katikati ya kazi. Kupandisha hakufuti mafaili wala programu; Word ilibaki, printa ilibaki, hata alamisho za Chrome zilibaki. Windows ya zamani inawekwa kwenye folda inayoitwa Windows.old, na una siku 10 za kurudi nyuma ukiona mambo hayaendi. Siku hizo zikipita, njia hiyo inafungwa, kwa hiyo zitumie kujaribu kila kitu unachokitegemea: printa zote, skana, mashine ya lamineshen haihusiki, ila programu ya kukatia picha za paspoti inahusika sana.

Ninachokipenda ndani yake? Cha kwanza ni kitu kidogo ambacho kimebadilisha siku zangu. Mteja ananitumia kwa WhatsApp picha ya barua iliyochapwa, anataka ibadilishwe tarehe na jina la mpokeaji. Zamani nilikuwa naichapa upya yote, aya kwa aya. Sasa nafungua picha, nabonyeza kitufe cha Windows na Shift na S kwa pamoja, nakata eneo la barua, kisha Snipping Tool inanipa kitufe cha kuchukua maandishi. Nayabandika kwenye Word, nasoma mstari kwa mstari nikilinganisha na picha. Barua iliyopigwa picha mchana, ikiwa imenyooka, inatoka safi. Iliyopigwa usiku kwenye mkeka, karatasi imekunjika, lazima uisahihishe, na majina ya watu na ya vijiji uyatazame mara mbili, maana mashine haijui Urambo wala Sikonge. Maandishi ya mkono ya katibu wa AMCOS hayo nayachapa mwenyewe, kwa vidole kumi, kama nilivyofundishwa.

Cha pili ni dirisha la mafaili lenye vichupo, kama ilivyo kwenye Chrome. Flashi ya mteja kichupo kimoja, folda ya kazi za leo kichupo kingine. Kwa mtu anayehudumia wateja wanne kwa wakati mmoja ni unafuu wa kweli. Cha tatu, ukipeleka mshale juu ya kitufe cha kukuza dirisha, inakuletea mipangilio ya kugawa skrini. Fomu ya HESLB upande huu, cheti cha mtoto upande ule, unajaza bila kurukaruka.

Kuna yasiyonipendeza. Vitufe vya chini vimewekwa katikati. Hilo linarekebishika kwenye mipangilio ya taskbar, unavirudisha kushoto. Kubofya kulia kunakuletea orodha fupi, na ile ndefu tuliyoizoea imefichwa nyuma ya Show more options. Ukibonyeza Shift na F10 inakuja moja kwa moja. RAM ya GB 4, ambayo ndiyo kima cha chini kilichoandikwa, kwa kazi ya duka naiona ni mateso. Usipandishe chini ya GB 8. Na kama mashine yako bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, weka SSD kwanza, Windows 11 baadaye.

Kuhusu akaunti nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakilia. Windows 11 Home ukiipiga upya inataka intaneti na akaunti ya Microsoft tangu mwanzo. Mafundi wengi, ili kazi iende haraka, wanaingiza barua pepe zao wenyewe. Usikubali. Kuanzia toleo la 24H2, lililotoka 2024, ikipigwa upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft, kompyuta nyingi husimba diski zenyewe bila kelele, na ufunguo wa kuifungulia unahifadhiwa kwenye akaunti iliyoingizwa. Siku skrini ya buluu inakuja kudai ufunguo wenye tarakimu 48, ufunguo upo kwenye barua pepe ya fundi aliyehamia Mpanda na kubadilisha namba ya simu. Mafaili yako yapo, huyafikii. Tengeneza akaunti yako, neno lako la siri, kaa pembeni ya fundi wakati anaiingiza, kisha uingie kwenye akaunti hiyo utafute ufunguo, uuchapishe, uuweke pamoja na leseni ya biashara.

Mashine ya pili ni Dell OptiPlex 7010, desktopu yenye prosesa i5-3470. Kizazi cha 3. Hii ndiyo yenye CorelDRAW, programu ninayochorea lebo za asali, na skana kubwa ya zamani, ambayo kampuni yake haijaitolea draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows 11. Fundi ninayemwamini alipoiona alisema, "Mama, njia ipo. Naipiga kwa Rufus, haitauliza chip wala prosesa. Jioni unaikuta na 11."

Nikamuuliza, "Mwanangu, na viraka je?"

"Vinakuja."

"Vinakuja kwa ahadi ya nani?"

Rufus ni programu ya kutengeneza flashi ya Windows inayoruka masharti hayo. Akanyamaza, akacheka, akasema kweli hilo hakuna aliyeliahidi. Ni kijana mwaminifu, ndiyo maana naendelea naye. Microsoft wenyewe wameandika kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho. Toleo jipya la kila mwaka halijileti lenyewe, unalipandisha kwa mkono, na toleo la Home au Pro linahudumiwa kwa miezi 24 tu. Tena wakati wowote sharti linaweza kukazwa: toleo la 24H2 lilianza kudai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina, na kompyuta za namna hiyo, ambazo bado zipo kwenye maduka mengi hapa mjini, haziwezi hata kuliwasha. Kwa mtu anayecheza gemu nyumbani, afanye. Kwa duka lenye siri za watu, kupandisha ambako hakuna uhakika wa viraka hakujatimiza kilichonifanya nipandishe.

Hiyo Dell nimeiandikisha kwenye mpango wa viraka vya ziada wa Windows 10. Watu wengi hawaujui, nao ni halali kabisa. Kompyuta iwe na toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10. Unaingia Windows Update, unakuta neno la kujiandikisha. Unaweza kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, bila malipo; au ulipe dola 30; au utumie pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Uandikishaji mmoja unatosha hadi kompyuta 10 za akaunti hiyo. Unakufikisha tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa skana ambayo bado inafanya kazi vizuri, huo ni muda wa kutosha kukusanya hela ya kununua nyingine bila kukopa. Na kwenye hiyo Dell hatuandiki neno la siri la mteja yeyote, hata akiwa na haraka kiasi gani.

Ya tatu ni HP EliteBook 840 G3, ile ya i5-6300U. Inatumiwa na wanafunzi wanaokuja kuchapa wenyewe. TPM inayo, prosesa ndiyo iliyoikatalia. Hii niliiwekea Linux Mint 22, ya Xfce, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na utahudumiwa hadi 2029, pamoja na LibreOffice, programu ya kuandikia inayofanana na Word. Inawaka haraka kuliko ilivyokuwa. Nayo imenipa kazi nisiyoitegemea: flashi yoyote ya mteja inachomekwa hapo kwanza. Mnakijua kirusi cha shortcut, kile kinachoficha folda za mtu na kumwekea vivuli vyake. Kwenye Mint, folda halisi zinaonekana zote, na pembeni yake yale mafaili ya uongo yenye mwisho wa .lnk yamekaa wazi bila nguvu yoyote. Nayafuta mwenyewe akiangalia, naikopi kazi yake, ndipo inakwenda kuchapishwa. Kuna mwanafunzi aliyeamini ripoti yake yote ya fildi imepotea. Nilipomwonyesha folda yake iko palepale alinishika mkono kwa mikono miwili.

Upungufu wake ni mpangilio wa kurasa. Ripoti iliyoandikwa kwa Word, yenye majedwali na yaliyomo ya kujitengeneza, ukiifungua kwa LibreOffice inaweza kusogea mistari, ukurasa wa 12 ukawa wa 13. Kwa hiyo kuchapa wanachapa hapo, nakala ya mwisho tunaitoa kwenye ThinkPad yenye Word. CorelDRAW haikai kwenye Mint, usihangaike.

Neno kuhusu Windows za kukraki, maana bila kulisema nitakuwa nimewaacha wengi. Kupandisha kwenda 11 ni bure kama Windows 10 yako ni halali. Kama ni ya kukraki, kupandisha hakuifanyi kuwa halali. Zile programu za kukrakia mara nyingi zinakuagiza uzime Defender kwanza, yaani ufungue mlango kwa mgeni usiyemjua. Laptopu nyingi zilizotumika za kutoka nje zilikuja na leseni halali iliyofungwa kwenye madabodi, ila fundi wa kwanza aliifuta na kupiga ya kwake. Angalia sehemu ya Activation. Mara nyingine ukipiga upya toleo lilelile, la Pro kwa Pro au Home kwa Home, leseni inajirudia yenyewe ukiunganisha intaneti.

Kwa hiyo kwenye T480 naipa Windows 11 nyota nne kati ya tano. Ya tano inabaki kwa sababu ya suala la akaunti, ambalo linahitaji maelezo mengi mno kwa mama wa kawaida anayetaka tu kuchapa. Hela ya kubadilisha Dell naiweka kidogokidogo kila Jumamosi, na ninachotafuta ni desktopu iliyotumika ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ukinunua kwa mtu wa Kariakoo atakayekutumia kwa basi, usitume pesa kwa picha ya boksi. Mwambie aiwashe, afungue ukurasa wa Properties, apige picha ya skrini namba ya prosesa ikisomeka, kisha afungue tpm.msc apige nyingine. Anayekataa kupiga picha hizo mbili, mwache, wauzaji wako wengi.